Giaboksi Uvunguni mwa Kitanda cha Eda

Juzi nilipita mbele ya gereji moja, kijana akawa anamwaga oili kuukuu ndani ya debe. Harufu ile ikanipanda puani, nikasimama kando ya barabara kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Wengine wakinusa oili iliyoungua huwaza safari. Mimi huwaza nguo nyeupe za Mama, mkeka wenye doa jeusi, na moshi wa udi juu yake, ule udi uliotaka kututia matatani. Nyinyi wa rika langu mliokulia Mbarara, hasa Nyamityobora yetu, mnazijua zile nyumba: ua wa mabati, jiko la nje, na kuta nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya, wewe ndiye unayemwombea rehema. Ndani ya ua kama huo tulichukiana miezi mizima, watu wa sufuria moja, kwa sababu ya giaboksi ya Pijo.

Pijo yenyewe ilikuwa pikapu ya zamani, 404, rangi yake imepauka mpaka huwezi kusema ni ya bluu au ya majivu. Baba aliinunua ikiwa imeshatumika vya kutosha, akaitumia tena. Alikuwa akibeba ndizi na maharage kutoka Kabingo, wakati mwingine anafika mpaka Ngarama. Gia zake zilikuwa hapo kwenye usukani, na gia ya tatu ilikuwa na tabia ya kuruka yenyewe, kwa hiyo Baba aliifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Akipanda kilima huku ameushika ule ukanda, alikuwa akiibembeleza: "Subiri, mama, subiri kidogo." Kisha Baba akashikwa na homa. Alipokuwa amelala hajiwezi, gia za mbele zikaisha zote, ikabaki ya kurudi nyuma peke yake. Mjomba Sadi, kaka yake Mama, ndiye aliyeitoa sokoni akaileta nyumbani kinyumenyume, kichwa amekitoa dirishani, watoto wa mtaa wanaikimbilia na kucheka. Baba alisikia vicheko akiwa kitandani. Wiki ile haikuisha, akafariki.

Mama akaingia eda. Hakuna aliyenieleza eda ni nini. Niliona tu Mama amevaa nyeupe, amepewa chumba cha ndani, pazia limeshushwa, na Shangazi Hadija, dada yake Baba, ametandika mkeka wake mbele ya mlango. Nikauliza Mama atatoka lini. Mwanamke mmoja wa matanga akanijibu, "Mambo yakitengemaa, atatoka." Basi mimi nikatafsiri kwa akili yangu ya kitoto: kilichoharibika nyumbani kwetu nakijua, kiko uani, ni gari. Mama hatoki kwa sababu gari halitoki. Gari likitengenezwa, Mama ataachiwa. Na Shangazi pale mlangoni ndiye mlinzi wa jela.

Kwa hiyo nilimchukia Shangazi, na wallahi hata leo sitasema nilimkosea. Alikuwa na ulimi wa upupu. Mama alikuwa Mnyarwanda, mtoto wa wakimbizi wa Nakivale, na ukoo wa Baba walijiona Waswahili wa mjini kwa kuwa babu yao alitoka upande wa Bukoba na kanzu zake. Shangazi hakumwita Mama kwa jina. Alikuwa akiniita mimi: "Wewe, mwambie mama yako uji huu haukuiva." Mama yuko hatua mbili, anasikia! Naye Mama alikuwa hajibu. Ananitazama tu, kisha ananiambia, "Mwambie shangazi yako nimesikia." Basi mimi nikawa daraja, wananikanyaga huku na huku. Na Mama nikamkasirikia pia, kwa kunyamaza kwake. Nilidhani anaogopa.

Adui mkubwa lakini alikuwa Baba Mkubwa, kaka yake Baba. Watu walimwita Hajji, ingawa Makka aliiona kwenye kalenda. Siku tuliyoanua matanga aliongea ukumbini kwa sauti ya kutosha kupenya pazia: "Eda ikiisha, shemeji atarudi kwao Nakivale. Watoto ni wetu, watabaki. Na hilo gari bovu nitalitafutia mtu." Miaka ile Wanyarwanda walikuwa wanasakamwa kila upande, wanafukuzwa vijijini, wanaambiwa warudi kambini kwao, kwa hiyo maneno yake yalipata hewa. Wazee wakakohoa, hakuna aliyempinga. Tulikuwa wasichana wawili, mimi na mdogo wangu anayenyonya. Baba hakuacha mtoto wa kiume, na sheria ya mirathi ni kwamba hapo ndugu wa marehemu nao wana fungu lao. Hajji alichukua hilo fungu akalivuta mpaka likawa lote. Kama gari lingekwenda, Mama angepata cha kumweka mjini. Bila gari angebebeshwa mkeka wake arudi kambini, na sisi tuondolewe miguuni pake.

Mama alimwita Mjomba Sadi nyuma ya pazia. Mjomba hakuwa fundi wa kusifiwa. Alikuwa utingo wa malori zamani, mgomvi, mwenye kujisifu, anayepoteza spana kisha anamtukana aliyeketi karibu. Ila alikuwa kaka yake wa kuzaliwa, kwa hiyo ndiye mwanamume pekee aliyeweza kuingia na kutoka kwa mwenye eda bila maneno. Wazazi wao walipita Kongo kabla ya kufika Nakivale, na Kiswahili chake kilikuwa cha hukohuko.

"Dada, hii giaboksi imekufa," alisema. "Meno yote ya ndani imekwisha. Kule mu kambi iko Pijo ya mzee moja, kuku banalala ndani. Nitamuomba."

"Shusha hii kwanza," Mama akasema.

Kushusha giaboksi ya Pijo ya namna ile si kazi ya asubuhi moja. Haitoki peke yake. Imeshikana na bomba refu linalokwenda mpaka difu, kile kichwa cha chuma katikati ya tairi za nyuma, na lazima tairi za nyuma, difu na bomba lake vyote virudishwe nyuma kwanza ndipo upate nafasi. Mjomba alichimba shimo uani, akainua gari kwa jeki, akaliweka juu ya magogo. Shangazi alitoka mbio na ushungi mkononi.

"Astaghfirullahi! Nyumba ya msiba inachimbwa shimo? Unamchimbia nani?"

"Wewe ukitaka, ingia upime," Mjomba akajibu kutoka chini ya gari.

Loo, siku ile walitukanana mpaka adhana ikawakatiza. Jioni giaboksi kuukuu ilikuwa imelala kwenye vumbi, Mjomba ameifungua kifuniko, na mimi nikachungulia. Nilitarajia kuona kitu cha kutisha. Kulikuwa na magurudumu ya chuma yenye meno yaliyolika mpaka yamekuwa laini, na vipande vidogo vikimeta ndani ya oili nyeusi.

Tulikwenda Nakivale mimi na Mjomba. Alinichukua kwa sababu askari wa vizuizini walikuwa na huruma kidogo kwa mwanamume mwenye mtoto. Nakivale nilikujua kwa sikukuu tu: ziwa linanukia samaki wa kamongo na matope, ng'ombe wenye pembe ndefu wanapita katikati ya nyumba za udongo, na wazee wanaongea polepole utadhani kila neno wanalitoa sandukuni. Yule mzee wa Pijo alifukuza kuku, akatazama chini ya gari lake lisilo na kioo, akasema, "Chukueni. Mimi sina pa kwenda nayo." Mjomba alishinda siku nzima chini yake, manyoya yamemganda kichwani. Tukaileta Mbarara kwa lori, ndani ya gunia, juu yake viazi vitamu, na juu ya viazi mimi.

Kwenye kizuizi askari aligonga gunia kwa mtutu. "Wewe mutoto, iko nini chini yako?"

"Viazi, afande."

"Viazi iko nguvu namna hii?"

"Ni vya Nakivale," nikasema, na wote waliokuwa juu ya lori wakacheka, naye akacheka. Mjomba peke yake hakucheka. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kidevu.

Nilirudi nyumbani najua jela imefunguliwa. Giaboksi imefika! Kesho itafungwa, gari litanguruma, Mama atatoka nje. Badala yake Mama alimwambia Mjomba aiingize chumbani, aisukume uvunguni mwa kitanda, na akateremsha shuka mpaka sakafuni.

"Haifungwi mpaka eda yangu iishe," alisema. "Siku gari hili litakapoweza kutembea, Hajji ataliondoa. Bila giaboksi tairi za nyuma hazishikamani, hata kulivuta hawawezi. Acha lilale."

Mimi nililia nikajigaragaza. Nilimwambia maneno mabaya, kwamba anapenda kukaa ndani, kwamba ametuchoka. Ufunguo wa jela uko chini ya kitanda chake mwenyewe naye ameukalia, anavuta tasbihi juu yake! Mama hakunipiga. Aliniambia, "Ukisema kilichoko humu, utalala kwa Baba Mkubwa maisha yako yote." Nikanyamaza, lakini kwa hasira.

Kitu ambacho hakuna aliyekifikiria ni kwamba giaboksi ile ilikuwa inavuja. Mjomba aliapa ameikausha. Baada ya muda oili ikaanza kutambaa kwenye mkeka, na chumba chote kikanuka gereji. Nguo za Mama zikanuka. Nilikuwa nikimkumbatia, nanusa Pijo. Shangazi akaanza kunyanyua pua pale mlangoni. Ndipo Mama, mtu mwenye akili zake, alipofanya kosa. Alifungua sanduku lake la arusi, akatoa udi, akaufukiza.

Ala! Udi, chumbani mwa mwenye eda? Mwenye eda hajitii manukato, hilo hata mtoto wa chuo analijua. Bora angeacha nyumba inuke maiti. Ule moshi ulipopita chini ya pazia, Shangazi alisimama pale mlangoni akiwa na uso niliokuwa sijawahi kuuona, uso wa mtu aliyesubiri zawadi muda mrefu.

"Mwambie mama yako," alianza, kisha akaniona sifai. Akalisukuma pazia akaingia mwenyewe. "Unajifukizia nani? Kaka yangu hajaoza! Nani anaingia humu?" Akafungua kabati. Akapekua mito. Alikuwa anatafuta mwanamume, haki ya Mungu, anamtafuta hata nyuma ya mlango. Akapiga goti, akainua shuka.

Akaingiza mkono, akautoa mweusi. Akaunusa.

Mimi nilijua yameisha: mlinzi ameona, sasa atamwita mwenye jela. Shangazi alijipangusa mkono kwenye shuka la Mama, makusudi kabisa, akaacha alama za vidole vyake vyote. Akasimama, akazima udi kwa kuumwagia chai, akatoka. Akarudi mkekani kwake. Tangu siku ile akawa hanyanyui pua.

Hajji alikuja siku ya Ijumaa baada ya swala, na askari wawili wa kambi ya jeshi. Mmoja alikuwa ndiye mnunuzi, mtu mnene mwenye kofia iliyombana. Mwingine alibeba mfuko wa spana. Wakazunguka gari, wakachungulia shimoni.

"Hajji, wewe ulisema iko gari," yule mnene akasema. "Hii ni sanduku."

"Giaboksi ipo, afande. Imeletwa kwa gunia, watu wameona. Imefichwa humuhumu."

Wakapekua jiko, wakapekua stoo, wakamwaga magunia ya maharage. Mjomba alikuwa ameruka mabati ya ua tangu alipoona buti. Hatimaye kikabaki chumba kimoja. Mimi nilikuwa ndani, nimekaa kitandani ubavuni mwa Mama, mdogo wangu ananyonya. Nilisikia hatua zao zinakuja, kisha nikasikia zimesimama.

"Hadija, ondoka mlangoni," Hajji akasema.

"Niende wapi?"

"Nimesema ondoka. Giaboksi iko humo."

"Humo yumo mke wa ndugu yako, ana eda. Unataka kuingia chumbani kwake na wanaume? Haya ingia. Ila upite juu yangu, na nitapiga ukelele mpaka msikiti wote urudi na viatu mkononi."

"Unamtetea huyo Mnyarwanda?"

"Nani amtetee?" Shangazi akafyonza, ule mfyonzo wake mrefu. "Mimi namjua? Ninalotaka kujua ni hili: gari likiuzwa leo, kabla Shehe hajagawa mirathi, fungu langu unanipa wapi? Mfukoni mwako? Ulivyonipa la baba yetu?"

Kisha yule askari mnene: "Ngoja. Hajji. Gari ni yako, ao ni ya watu mingi?"

"Ni ya ukoo, afande, lakini..."

"Hapana lakini. Mama mzee, hii chumba ni ya mujane?"

"Ni ya mjane, mwanangu. Kwenu hamna msiba?"

"Iko." Sauti yake ilirudi nyuma. "Mambo ya mujane mimi hapana ingia. Inaleta balaa. Hajji, wewe umenipotezea mafuta." Alichofanya hapo nilisimuliwa na mtaa mzima: alimvua Hajji saa ya mkononi, akaivaa yeye, wakaondoka zao.

Hajji alitukana, akakaribia kulia. Alipokwisha kutoka, Shangazi alisema upande wa pazia, bila kunitumia mimi mara hii: "Usije ukadhani nimekufanyia wewe."

Watu wengi nikiwasimulia kisa hiki husema, ah, kumbe shangazi yako alikuwa na moyo. Moyo gani! Alikuwa na fungu. Tusimvike mtu kanzu asiyoivaa.

Eda ilipokwisha, Shehe alikuja kugawa. Hajji akataka shamba dogo alilokuwa nalo Baba kule Ngarama, akapewa, akaondoka haagi mtu. Shangazi akaulizwa anataka fungu lake wapi, akasema kwenye gari, maana kwenye shamba kuna Hajji. Sehemu ya gari iliyobaki ikawa yetu, Mama na sisi wasichana wake. Kesho yake Mjomba akaivuta giaboksi kutoka uvunguni, na ndipo nilipomwona Mama amesimama uani, juani, gari likiwa bado limekufa juu ya magogo. Nilichanganyikiwa. Ametoka kabla ya gari! Nilimwuliza nani amemfungulia. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa lugha ya ng'ambo.

Giaboksi ni nzito na Mjomba alikuwa peke yake shimoni. Wakaipitishia kanga chini yake ikawa machela, Mama akashika ncha za upande huu, Shangazi akashika za upande ule, Mjomba anasukuma kwa mikono na kifua kutoka chini. Ncha ya giaboksi ilitakiwa iingie katikati ya klachi, nayo ikawa haitaki.

"Mwambie shangazi yako avute," Mama akasema, mishipa ya shingo imemtoka.

"Mwambie mama yako nimevuta tangu asubuhi, yeye ndiye analegea!"

"Nyinyi bote mutaniua!" Mjomba akapiga kelele. "Maneno mingi ya nini? Inueni!"

Nikawa nazunguka gari, napeleka maneno yaliyokwisha kufika. Walivuta wakilaaniana kupitia kwangu mpaka kitu kikasema *kluk* kule ndani, na Mjomba akaanza kucheka peke yake shimoni akitafuta bolti. Wale wanawake waliachia kanga. Kila mmoja akaenda kunawa kwenye ndoo yake.

Siku tuliyoondoka kwenda Kabingo kuchukua ndizi, mtaa mzima ulikuwa milangoni, wengine wanatutakia heri, wengine wanangoja tukwame. Mjomba alikuwa kwenye usukani, injini inanguruma. Mama alitoka amevaa busuti lake la kijani, mdogo wangu mgongoni. Akakuta Shangazi ameshaketi mbele, mkoba mapajani, mlango ameufunga.

Nilikwenda kusimama katikati yao, kama kawaida yangu, kungoja la kubeba.

Mama alinisogeza kando kwa mkono. "Wifi," akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita. "Shuka."

"Nishuke niende wapi? Nina fungu langu humu."

"Unalo," Mama akasema. "Liko nyuma, penye magunia. Hapa mbele nakaa mimi na wanangu."

Hakupaza sauti. Ilikuwa sauti ileile iliyosema giaboksi haifungwi, ileile iliyoniambia nitalala kwa Baba Mkubwa, na nikiwa nimesimama pale vumbini nikaelewa kwamba Mama hakuwahi kuogopa mtu ndani ya nyumba ile. Shangazi alimtazama Mjomba. Mjomba akatazama kioo. Shangazi akanitazama mimi, nami sikuwa na neno la kumpelekea. Basi akafungua mlango, akashuka, akazunguka, akapanda nyuma kwa shida, akaketi juu ya magunia matupu akiwa ametupa mgongo.

Wameishi miaka mingi baada ya hapo, na gari lile limebeba ndizi za kujaza bonde. Nakivale Mama alikwenda kila alipotaka, akarudi. Shangazi hakukaa mbele tena, hata siku za mvua, na Mama hakumkaribisha.